Kivuli cha Lubumbashi: nani alipanda, nani alipata karatasi



Kila mwaka, mwezi wa tisa na wa kumi, mbele mvua ianze, barabara za katikati ya Lubumbashi zinageuka zambarau. Ni jakaranda. Watu wanapiga picha, wageni wanashangaa, na mwanafunzi aliyetoka Kasapa anashuka kwenye taksi-bisi mapema ili atembee tu kwenye kivuli. Ukisimama pale unajiambia: huu ni mji wa kuishi. Kuna chuo kikuu, kuna hewa nzuri ya mita 1 200 na zaidi juu ya bahari, kuna miti. Nitanunua nyumba hapa.

Na mimi nilijiambia hivyo. Mwaka jana, mimi na mchumba wangu tulianza kutafuta parseli. Komisioneri alitupeleka komini Annexe: udongo mwekundu, vigingi vinne, upepo na vumbi, hakuna mti hata mmoja. Wiki ileile, baba wadogo walikuwa wanakutana juu ya parseli ya nkambo wetu kule Katuba: tuuze ao tusiuze? Kwenye ile parseli kuna mwembe ambao watu watatu hawawezi kuuzunguka kwa mikono.

Kwa sababu nilisomea kilimo, nilianza kuuangalia mji kupitia miti yake. Kwa nini kuna jakaranda nyingi Makutano na Golf, kwa nini Kenya na Katuba ni miembe na maparachichi nyuma ya nyumba, na kwa nini viwanja vipya viko vitupu? Si udongo, ndugu zangu. Udongo ni ule ule. Jibu liko kwenye historia, na ninalisema mara moja: katika mji wetu, kivuli kilifuata karatasi.

Tuanze mwanzo. Mji ulianzishwa 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli kutoka Rhodesia ilifika. Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906, ilikuwa inataka shaba, na tanuru lake kando ya mto Lubumbashi lilianza kazi 1911. Makamu wa gavana wa Katanga, Emile Wangermée, alisimamia upimaji: barabara zilizonyooka, viwanja vikubwa, nyumba zenye baraza. Mbele ya hapo ilikuwa pori la miombo. Miombo ikakatwa, na mahali pake ikaletwa miti ya mbali: jakaranda kutoka Amerika ya Kusini, flamboyant kutoka Madagascar. Hakuna hata mmoja unaozaa kitu cha kula. Ni mti wa mtu aliye na hakika ya chakula na ya makao, anayetaka tu kupumzika chini yake.

Lakini mche wa jakaranda hauishi wenyewe kwa hali ya hewa ya kwetu. Mvua inakatika karibu na mwezi wa tano na inarudi vizuri mwezi wa kumi na moja. Miaka ya kwanza mtu lazima abebe maji. Ni nani alibeba? Wafanyakazi weusi. Na hao wafanyakazi jioni walirudi cité, ngambo ya zone neutre, ule ukanda mtupu wa mamia ya mita uliowekwa katika miaka ya 1920 kati ya mji wa wazungu na mji wa weusi. Sababu iliyotolewa ilikuwa malaria, eti mbu asivuke. Usiku, mweusi bila kibali hakuruhusiwa kuwa upande ule mwingine. Basi mwenye kumwagilia mti hakuwa na haki ya kulala karibu nao.

Upande wa cité, kulala kwenyewe kulikuwa kwa masharti, na kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kambi ya kampuni. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliona kama kuleta wafanyakazi wapya kila wakati ni hasara, ikaamua kuwaweka na wake na watoto wao. Ikajenga nyumba za matofali, ikagawa posho, ikafungua shule na dispanseri. Wazee wa kambi wanaikumbuka ile maisha kwa uzuri wake, na siwakatazi. Lakini nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Namna ya pili ni cité, ambayo kuanzia 1932 iliitwa centre extra-coutumier, maana yake mahali pa watu waliotoka chini ya machifu wao. Pale mtu alipewa ruhusa ya kukaa kwenye parseli. Ruhusa si mali. Anayetoa ruhusa anaweza kuiondoa.

Sasa niwape hesabu ya shambani. Mwembe uliopandwa kwa mbegu unaomba kama miaka sita ao nane mbele uanze kuzaa vizuri. Mtu anayepanda mwembe anaweka dau kama miaka nane baadaye atakuwa bado hapo, ao watoto wake. Ukitaka kujua ni wakati gani watu wa mtaa fulani walianza kuamini kama watabaki, uliza umri wa miembe yao.

Nkambo wangu alikuwa seremala, alitoka upande wa Luapula. Alipata parseli Katuba katika miaka ya 1950. Haikuwa bahati tu. Baada ya vita ya pili ya dunia mji ulijaa watu, serikali ya kikoloni ikaogopa msongamano. Mwaka 1952 ikaunda Office des Cités Africaines ili kujenga nyumba kwa wingi katika miji mikubwa. Mwaka 1953 amri ilitoka iliyofungulia Wakongo njia ya kumiliki nyumba na kiwanja mjini, kila mtu kwa jina lake. Njia ilikuwa nyembamba sana, wengi walibaki na kile kijitabu kinachoitwa livret de logeur. Hata hivyo kwa mara ya kwanza mtu kama nkambo alikuwa na jina lake kwenye karatasi pamoja na namba ya parseli. Mama anasema mwembe ulipandwa mwaka ule ule kijitabu kilipotoka. Nkambo mwenyewe alikuwa anatuambia, tukiwa watoto: "Mutu mwenye kupanda muembe ni ule anajua kama kesho bataenda kumukuta hapa."

Miaka ile ile mji ukapata chuo kikuu. Uamuzi ulichukuliwa 1955, masomo yakaanza 1956. Wakongo walioingia walikuwa wachache sana. Kisha uhuru ukaja 1960, kujitenga kwa Katanga kukadumu hadi Januari 1963, na wazungu wengi wakaenda. Nyumba za kwenye jakaranda zikapata wakaaji wapya: wakubwa wa serikali, wakubwa wa kampuni, maprofesa. Sisi wasomi tunapenda kuhadithia wakati ule kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini angalieni vizuri: nyingi zilikuwa nyumba za kazi. Za serikali, za kampuni, za chuo. Profesa alivuka zone neutre, akaketi chini ya kivuli, lakini kwa sheria ile ile ya kambi. Akistaafu ao akifa, familia inafunga mizigo. Wengi wetu tunajua familia kama hiyo: baba ana diploma kubwa ukutani, na mjane anapanga chumba kimoja.

Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilitakiwa kusawazisha mambo. Inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na Mkongo anaweza kupewa haki ya kudumu. Kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa kisheria na kitu kimoja tu: certificat d'enregistrement. Maana yake kijitabu cha nkambo hakikutosha tena. Kilikuwa mwanzo wa njia, mtu alipaswa kwenda kukibadilisha. Wangapi walienda? Nkambo hakuenda. Alisema watu wote wanajua kama parseli ni yake, na mwembe uko pale kushuhudia.

Tena kuna shimo lingine katika sheria ile ile. Kwa ardhi zinazokaliwa na wenyeji wa vijiji, ilisema ordonansi ya Rais itakuja kupanga haki zao. Ordonansi hiyo ilingojewa miaka na miaka. Mji ukaendelea kukua juu ya vijiji. Kwa hiyo pembeni ya mji unakuta chifu anauza kwa desturi yake, na ofisi inagawa kwa karatasi zake, na mnunuzi anasimama katikati na pesa yake.

Kuna sura ambayo ni ngumu kuandika, lakini historia ya nyumba Katanga haikamiliki bila hiyo. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, waliojenga hapa, walilala kwenye stesheni wakingoja treni ya kwenda mahali ambapo wengine hawakupajua. Nyumba ziliuzwa kwa haraka kwa bei ya aibu, zingine zilikamatwa tu. Sisemi karatasi ingewaokoa watu: chuki haisomi karatasi. Lakini miaka ilipopita, mwenye certificat alikuwa na kitu cha kuweka mbele ya jaji. Mwenye kusema "majirani wananijua" alikuta majirani walewale njo wanakaa ndani ya nyumba yake.

Halafu Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanguka, na 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Baadaye migodi mipya ikaleta watu na dolari, bei ya parseli ikapanda, miombo iliyobaki karibu na mji ikaisha katika makala ya kupikia. Njo hapo kizazi chetu kinaingia sokoni: na lisansi mkononi, mshahara wa kuungaunga, na komisioneri anayesema "muharakishe, kuko mwingine anakuya na feza".

Nirudi kwa parseli ya Annexe. Bei ilikuwa dolari 4 000, mita 20 kwa 25. Muuzaji alikuwa na karatasi yenye muhuri. Mchumba wangu, ambaye ana akili kunipita, alisema mbele ya kutoa hata franka tuende kwanza kuuliza kwenye konservasio ya hati kama ile namba iko. Namba ilikuwepo, ila kwa jina la mtu mwingine kabisa, na majirani walituambia sisi tulikuwa wa tatu kuonyeshwa vile vigingi. Tulirudi nyumbani tukinyamaza. Ile pesa ilikuwa akiba ya miaka minne ya sisi wawili.

Jumapili ile nikaenda kwa mkutano wa baba wadogo. Walikuwa wamepata mnunuzi wa Katuba. Niliomba ruhusa ya kusema, kwa sababu mimi ni mtoto mbele yao. Niliwaambia hivi: tukiuza bila certificat, tunauza kwa bei ya kijitabu, kila mmoja wetu atapata sehemu ndogo, na ile sehemu itaenda kununua kigingi Annexe. Tutakuwa tumetoka chini ya mwembe wa miaka karibu sabini kwenda kusimama kwenye jua. Baba mdogo mmoja alikasirika. Alisema: "Weye ulisoma miti, sasa unataka kutufundisha parseli?" Mama njo alimjibu: "Baba alipanda muti, akasahau karatasi. Mutoto anakumbusha karatasi."

Haijaisha. Sisi warithi tuko saba, mmoja yuko Zambia, na saini yake inangojewa. Wapimaji walikuja mara moja, wakapata kama ukuta wa jirani uliingia kwetu karibu mita moja, na hilo pia linataka mazungumzo. Kila hatua inaomba pesa. Akiba yetu imeanza kuingia humo badala ya kununua, na mchumba wangu alikubali kwa sharti moja: majina ya warithi wote yaandikwe, na ya wanawake pia, kwa sababu shangazi zangu wawili hawakuitwa kwenye mkutano wa kwanza.

Wenzangu, mukitafuta nyumba katika huu mji wetu wa jakaranda, msinunue kivuli kwa macho tu. Ulizeni namba kwenye ofisi, ulizeni majirani wa pande zote nne, ulizeni nani alikaa pale mbele na aliondoka kwa namna gani. Na wale ambao nkambo wenu aliacha parseli Kenya, Kamalondo ao Ruashi, mutafute kile kijitabu wiki hii, mutazame jina gani limeandikwa, na wazee wakiwa bado hai muwaombe waeleze mbele ya familia yote.

Mimi, mvua ikianza, nitapanda mwembe wa kupandikiza kwenye kona ile ya mita moja, ukuta ukirudi mahali pake. Wa kupandikiza unazaa kwa miaka mitatu ao mine. Ninafikiri saini ya Zambia itakuwa imefika.