Waliowauguza Samaki wa Moba

Fungua kitabu chochote cha samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, utakuta majina ya Wazungu yamebandikwa juu ya samaki wenyewe. Tropheus moorii aliitwa hivyo na Boulenger, mtaalamu wa samaki, mwaka 1898, kwa heshima ya Moore, Mwingereza aliyekuja kuchunguza ziwa. Neolamprologus brichardi aliitwa hivyo na Max Poll wa Ubelgiji mwaka 1974, kwa heshima ya Pierre Brichard, mfanyabiashara wa samaki. Watu hao walifanya kazi kubwa na sina ugomvi nao. Lakini samaki aliyetolewa ziwani amechubuka ubavu, tumbo limevimba, mdomo hautaki kitu, jina la Kilatini halikumfikisha Ulaya akiwa hai. Alifika kwa sababu yupo mtu wa Moba, wa Kalemie au wa Bujumbura aliyekaa naye, akambadilishia maji, akambembeleza mpaka akala. Mtu huyo hayumo vitabuni. Mimi nafuga samaki wa akwariamu Luwowoshi, katika komuni ya Annexe hapa Lubumbashi, na karibu yote ninayoyajua kuhusu samaki mgonjwa yametoka kwa watu kama yeye. Historia yao ndiyo ninayotaka kuieleza.

Wengi hudhani Lubumbashi ni mji wa shaba tu, na kwamba samaki huku huja sokoni wakiwa wamekauka au wamegandishwa. Wanasahau Kipopo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wabelgiji walichimba mabwawa ya majaribio huko, nje ya mji, wafuge tilapia kwa ajili ya kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Mwaka 1949 wataalamu wa Ubelgiji na Uingereza walikutana hapa, mji ungali unaitwa Elisabethville, kujadili uvuvi na ufugaji wa samaki barani Afrika. Mambo mengi ambayo leo yanafundishwa kuhusu bwawa la tilapia yalijaribiwa katika udongo huu wetu mwekundu.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mabwawa hayo akiwa kijana. Kazi yake ilikuwa kukokota nyavu, kupanga samaki kwa ukubwa na kubeba maji. Alichotuletea nyumbani ni namna ya kumshika samaki: kwanza loweka mikono, kwa sababu mkono mkavu unaondoa ute, na ute ndio ngozi ya kwanza ya samaki, ndio unaozuia ukungu na vijidudu. Samaki aliyechubuliwa na wavu alitengwa kwenye beseni lenye kivuli. Siku ya kwanza hakupewa chakula. Maji yalitiwa chumvi kidogo. Baba hakuwa na neno karantini, alisema tu, "Mgonjwa alale peke yake." Nimesoma vitabu kadhaa tangu hapo, na sijaona kimoja kilichoanza mahali bora kuliko hapo.

Sasa twende ziwani. Moore alikuja Tanganyika mara mbili kabla ya mwaka 1900 kuisha. Aliona konyeza wanaelea katika maji yasiyo ya chumvi, na konokono ambao makombe yao yalifanana na ya baharini, akaamini kuwa ziwa hilo ni kipande cha bahari ya kale kilichokatwa na nchi kavu. Aliandika hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1903. Wanajiolojia walimpinga, na walikuwa na haki: ziwa lilizaliwa na mpasuko wa Bonde la Ufa mamilioni ya miaka iliyopita, na viumbe wake wakabadilika humo humo. Hata hivyo, mtu anayeuguza samaki anaelewa kwa nini Moore aliona bahari. Maji ya Tanganyika ni mazito kwa madini, uchungu wake wa magadi unafika pH 9, na kina chake kinashuka hadi mita 1,470. Samaki aliyezoea maji hayo, ukimtia katika maji ya mvua, utamuua hata kama hana jeraha lolote. Ndiyo maana mapipa yangu huwa na magadi ya mkate na chumvi ya Epsom, navyo vinapimwa kabla mgonjwa hajaingia.

Biashara yenyewe ilishika kasi pale Brichard, aliyekuwa akiuza samaki wa Mto Kongo kutoka Kinshasa, alipohamia Bujumbura mwaka 1971. Mwaka 1978 alitoa kitabu kikubwa kuhusu samaki wa ziwa, na wafugaji wa Ujerumani, Marekani na Japani wakaanza kudai kila rangi na kila mwamba. Mwambao wa Kongo ukajulikana. Moba, ambayo Mapadri Weupe waliianzisha kama misheni ya Baudouinville mwaka 1893, ikawa jina la samaki: frontosa wa Moba, mwenye nundu kichwani, milia myeusi na mapezi ya buluu. Boulenger ndiye aliyemweleza frontosa kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Mwaka 2003 Wajapani wawili, Takahashi na Nakaya, walimtenga yule wa nusu ya kusini ya ziwa wakamwita Cyphotilapia gibberosa, na wa Moba ni wa upande huo.

Frontosa anakaa chini sana. Hapo ndipo uuguzi unapoanza, kabla hata samaki hajaona jua.

Yaya yangu, mtoto wa baba mkubwa, alizamia Moba miaka ya 1980. Alinieleza hesabu ambayo shule ilinifundisha baadaye kwa jina la kanuni ya Boyle. Katika mita 30 samaki anabanwa na shinikizo mara nne ya lile la juu ya maji. Kibofu chake cha hewa kimefungwa; hakina njia ya kutokea kooni, na gesi hupungua polepole tu kupitia damu. Ukimpandisha ghafla, gesi ile inataka kuwa mara nne. Tumbo linavimba kama mpira, macho yanatoka, samaki anaelea ubavu juu ya maji akipiga mkia bila kuweza kushuka. Ndege wanamchukua, au jua.

Kwa hiyo wazamiaji hawakuwapandisha samaki mara moja. Waliwatia katika pipa la plastiki lililotobolewa matundu, wakalifunga kwa kamba kwenye boya, na wakalipandisha kwa vituo, siku baada ya siku. Yaya alisisitiza jambo moja ambalo wanunuzi wenye haraka hawakulielewa: kutoka mita 30 hadi 10 gesi inakuwa mara mbili, na kutoka mita 10 hadi juu inakuwa mara mbili tena. Mita 10 za mwisho ni hatari sawa na 20 za kwanza. Hapo ndipo pipa lilipaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali popote, na hapo ndipo bosi wa wazamiaji aliposimama ufukweni akitazama saa. Palipokuwa na haraka walitumia sindano ya hospitali, wakamchoma samaki ubavuni nyuma ya pezi ili gesi itoke. Mkono uliozoea unaweza kufanya hivyo. Lakini sindano inafungua mlango wa usaha, na samaki wengi waliochomwa walionekana wazima ufukweni, wakafa baadaye mikononi mwa mtu mwingine aliyedhani kosa ni lake.

Safari nayo ilikuwa na elimu yake. Samaki alifungwa tumbo siku kadhaa kabla ya kufungashwa, asichafue maji. Mfuko ulijazwa maji theluthi, oksijeni theluthi mbili. Ndani ya mfuko samaki anapumua, kaboni dioksidi inashusha pH, na amonia anayoitoa inalala bila kudhuru sana. Ukifungua mfuko huo ukammwagia ghafla maji ya pH 9, amonia ile ile inageuka sumu kali na kuchoma matamvua yake. Kwa hiyo samaki anatolewa haraka kwa mkono laini au kikombe, anaingia katika maji mapya yenye joto lile lile, na maji ya mfuko yanamwagwa nje.

Wanaonifikia mimi Luwowoshi huja wachache, kwa basi na lori, na mara nyingi mmoja amejeruhiwa. Namweka peke yake katika pipa lenye bomba la plastiki la kujifichia, nalifunika kwa kitenge, chumvi isiyo na iodini kijiko cha chakula kwa lita 20. Watu huniuliza kwa nini chumvi. Damu ya samaki wa ziwa ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji yanamwingia wakati wote na figo zinafanya kazi ya kuyatoa. Akichubuka, yanamwingia zaidi na chumvi yake inamtoka. Ukiongeza chumvi kidogo nje, unampunguzia mzigo. Samaki wa baharini ni kinyume: damu yake ina karibu theluthi ya chumvi ya bahari, hivyo jeraha linamkausha. Ndiyo maana wanaouguza samaki wa mapambo wa baharini, kazi ambayo pwani ya Kenya imeifanya kwa miongo mingi ikipeleka samaki wa matumbawe kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, hupunguza chumvi ya karantini kidogo kidogo. Kwa samaki inafaa; konokono na matumbawe hawaiwezi.

Kula ndiyo vita yenyewe. Frontosa aliyepasuka mdomo hawezi kung'ata, ila bado anaweza kuvuta. Hao frontosa ziwani huwinda alfajiri, samaki wadogo wangali wamezubaa, kwa hiyo mimi nampelekea chakula alfajiri kabla nyumba haijaamka. Kipande cha mnyoo wa udongo, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kimechomekwa kwenye ncha ya unyasi na kushikwa mbele ya pua yake bila kutikiswa. Kwanza jicho peke yake ndilo linalogeuka. Kisha vifuniko vya matamvua vinatanuka mara moja, kipande kinaingia, kinatemwa, kinazunguka, kinaingia tena. Akitema mara ya pili naacha, natoa mabaki yote, nabadilisha sehemu ya maji. Samaki anayelazimishwa huchoka, na chakula kilichooza kinamuua haraka kuliko njaa. Asipojali mnyoo, namtilia mwenzake mdogo mpole nyuma ya wavu. Akimwona mwingine anakula, mara nyingi naye anajaribu.

Tropheus ni habari nyingine kabisa. Ana utumbo mrefu wa mla mwani, na nyama humvimbisha tumbo mpaka afe. Wafugaji wa kwanza wa Ulaya waliwapa moyo wa ng'ombe na kuwapoteza kwa wingi. Wazamiaji walijua, maana waliwaona kila siku wakikwangua miamba. Kwa tropheus mgonjwa naweka mawe ndani ya beseni juani mpaka yaote kijani, kisha jiwe moja moja linaingia kwenye pipa. Hahitaji kubembelezwa, akiona mwamba wake anaanza kukwangua.

Adui wetu wa Lubumbashi ni baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka hata chini ya nyuzi 10, na ziwa halijui kitu kama hicho. Maji yake yanakaa karibu nyuzi 25 mwaka mzima. Maji yakipoa, samaki mwenye jeraha anaacha kula kwanza, kisha ukungu mweupe unaota pale palipochubuka. Umeme ukikatika, mke wangu anawasha mbabula nje, makala yakishika tunachemsha maji, tunayatia kwenye chupa zilizofungwa na kuziacha zielee ndani ya pipa, tukizibadilisha hadi asubuhi. Watoto wetu wamekua wakijua kazi hiyo kama watoto wa wengine wanavyojua kutwanga sombe.

Kule ziwani adui alikuwa vita. Mwezi wa 8 mwaka 1998 Kalemie ilianguka mikononi mwa waasi, na mstari wa vita ukapita kati yetu na ziwa. Pweto nayo ikaanguka mwezi wa 12 mwaka 2000. Watu wa Moba na Pweto walikimbilia Zambia, wengi wao katika kambi za Mwange na Kala, na yaya alikuwa miongoni mwao. Wazamiaji walitawanyika. Waliobaki na ufundi waliupeleka upande wa pili wa mpaka, na wafanyabiashara wa huko waliupokea bila kuuliza ulikotoka. Ulaya nayo ilikuwa imeshajifunza kuzalisha frontosa katika matangi, kwa hiyo siku hizi wengi wanaoitwa Moba hawajawahi kuona ziwa. Hilo si baya. Ni nafuu kwa miamba ya Moba. Lakini samaki hao walitokana na wazazi waliopandishwa kwa pipa na kamba.

Yaya alirudi baada ya amani, akafia Kirungu, juu ya kilima cha ile misheni ya zamani ya Moba. Kabla ya hapo nilikaa naye nikaandika: majina ya wazamiaji wote wa kundi lake, mwamba gani nani aliujua, nani alikuwa na mkono wa sindano, nani alikaa na mapipa usiku, na mke wa nani aliyekuwa akitunza mabeseni ya wagonjwa ufukweni, maana wanawake ndio waliofanya kazi hiyo zaidi, na wao hata bosi hakuwaandika kwenye orodha ya mishahara. Daftari hilo ninalo. Chuo kikuu kipo Kasapa, katika komuni hii hii, na mwanafunzi yeyote anayeandika kuhusu ziwa akija Luwowoshi nitamkalisha alinakili lote.