Peasi Lenye Majina Mawili

Peasi linaloitwa Williams Uingereza na Bartlett Marekani ni tunda lile lile. Mti wake wa kwanza uliota karibu mwaka 1770 katika kijiji cha Aldermaston, kaunti ya Berkshire, kwa mwalimu wa shule aitwaye John Stair. Baadaye Richard Williams, mwenye kitalu huko Turnham Green karibu na London, aliusambaza, na jina lake ndilo lililoshika.

Mwishoni mwa karne ya 18 miche yake ilivuka bahari hadi Roxbury, Massachusetts, kwenye shamba la Thomas Brewer. Enoch Bartlett alilinunua shamba hilo mwaka 1817, akakuta miti inazaa vizuri lakini jina lake halijui, akaieneza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1828 ilipofika miche mingine kutoka Uingereza ndipo ikabainika kuwa ni mpeasi ule ule, lakini wakulima walikwisha kulizoea jina jipya. Mwalimu Stair, aliyestahili kukumbukwa kuliko wote, hakuachiwa hata jina moja.

Mbegu ya peasi haizai tunda kama la mama yake, hivyo aina hii huendelezwa kwa kubebesha tu. Kila mti wa Williams ulioko leo umetokana, kipandikizi kwa kipandikizi, na ule wa Aldermaston.

Tunda lina umbo la kengele. Ganda lake jembamba hugeuka kutoka kijani hadi njano, na nyama yake nyeupe ni laini kama siagi, ina maji mengi na harufu kali tamu. Halifai kuachwa liivie mtini, kwa sababu huanza kuharibika kutoka ndani wakati nje bado linapendeza. Mchumaji huliinua tunda mpaka lilale. Kikonyo chake kikiachia tawi bila kuvutwa, limekomaa. Huvundikwa siku kadhaa, kisha hubonyezwa kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Likibonyea kidogo, ni wakati wa kulila. Muda huo ni mfupi mno, ndiyo maana mavuno mengi ya California yaliishia kwenye makopo.

Ufaransa na Uswisi hutengeneza pombe kali kutokana na tunda hili. Kwa ajili ya pombe hiyo, baadhi ya wakulima huvisha chupa kitunda kingali kidogo, wakaifunga tawini, nacho hukulia humo humo mpaka kikomae.