Sauti angani: jinsi ndege ilivyobadili maisha ya waimbaji

Tarehe 21 Agosti mwaka 1850, mwimbaji mashuhuri wa Uswidi, Jenny Lind, alipanda meli ya mvuke iitwayo Atlantic katika bandari ya Liverpool, Uingereza, akielekea New York. Aliwasili tarehe mosi Septemba, na usiku wake wa kwanza mbele ya Wamarekani ulikuwa tarehe 11 ya mwezi huo. Tangu alipoiacha Uingereza hadi aliposimama katika jukwaa la Castle Garden zilipita wiki tatu: siku 11 za bahari, na nyingine 10 za kufanya mazoezi na kupokea wageni.

Lind aliijua thamani ya siku za namna hiyo. Mwaka 1841, sauti yake ikiwa imechakaa kwa kuimbishwa kupita kiasi tangu utotoni, alikwenda Paris kwa mwalimu wa Kihispania, Manuel García. Badala ya kumpa somo, García alimwamuru anyamaze kwa wiki kadhaa. Ni mwalimu huyo huyo ambaye mwaka 1854, akitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, aliweza kuliona zoloto lake mwenyewe likifanya kazi. Mwaka uliofuata taarifa yake iliwasilishwa mbele ya Royal Society mjini London, na tangu hapo madaktari wakapata njia ya kuchungulia mahali ambapo sauti huzaliwa.

Kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo, mwimbaji aliyevuka bahari alisafiri kwa mwendo wa meli. Ndivyo alivyosafiri Enrico Caruso kwenda New York mwaka 1903. Ndivyo alivyosafiri pia Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, mwaka 1928 alipokwenda Bombay pamoja na wanamuziki wenzake kurekodi sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Safari hizo zilikuwa na adha zake, kichefuchefu kikiwa cha kwanza. Lakini hewa ya bahari ina unyevu, na siku zilikuwa nyingi. Koo lililokauka lilipata muda wa kulainika kabla ya meli kutia nanga.

Ndege za mwanzo hazikuubadili mpango huo kwa ghafla. Ndege zilizotua majini, ambazo kuanzia mwaka 1937 zilipita Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam zikielekea kusini mwa Afrika, ziliruka chini chini na kupumzika usiku. Kelele ya injini zake ilichosha, lakini hewa iliyomo haikutofautiana sana na ile ya nje. Mabadiliko makubwa yalikuja na jeti. Tarehe 2 Mei mwaka 1952, ndege aina ya Comet iliondoka London na abiria kwenda Johannesburg, ikipitia miji kadhaa ukiwemo Entebbe, na ikamaliza safari hiyo katika muda usiotimia saa 24. Miaka sita baadaye, Oktoba 1958, jeti zilianza kuvuka Atlantiki na abiria. Mwimbaji aliyeimba Milan Jumanne sasa aliweza kuimba New York Ijumaa.

Na kwa kuwa aliweza, alitakiwa afanye hivyo. Mwimbaji wa opera aghalabu hulipwa kwa kila onyesho aliloimba. Asipopanda jukwaani, hana malipo. Meli ilikuwa imempa mapumziko bila yeye kuyaomba wala tajiri wake kuyalipia. Jeti iliyafuta, na hakuna aliyeyarudisha katika mkataba.

Tatizo la ndege kwa sauti ni rahisi kulieleza. Katika kimo cha mita 10,000 hewa ya nje ina baridi ya takriban nyuzi 50 chini ya sifuri, na hewa ya baridi kiasi hicho haiwezi kubeba maji. Katika ndege nyingi za jeti, hewa hiyo hukandamizwa na injini, hurekebishwa joto lake, kisha huingizwa walipo abiria. Joto hurudi, maji hayarudi. Matokeo yake ni kwamba katika safari ndefu unyevu ndani ya ndege hushuka chini ya asilimia 20, wakati mwambao wa Zanzibar umezoea asilimia 70 na zaidi. Shinikizo la hewa nalo hupunguzwa hadi kufikia lile la mahali palipoinuka kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kidogo kuliko Addis Ababa.

Nyuzi za sauti hufunikwa na ute mwembamba unaoziwezesha kugusana bila kuchubuana. Soprano anayepanda hadi noti ya juu huzigonganisha zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Ute ukikauka na kuwa mzito, mwimbaji hulazimika kusukuma pumzi kwa nguvu zaidi ili nyuzi zianze kutikisika. Jambo hilo walimu wa uimbaji walilihisi zamani, lakini lilipimwa kitaalamu katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990. Ulionyesha kuwa mtu akiwa na maji ya kutosha mwilini huhitaji msukumo mdogo wa pumzi kutoa sauti laini, na akikaushwa huhitaji mkubwa zaidi.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Chanzo kikubwa cha unyevu ndani ya ndege ni pumzi za abiria wenyewe. Hivyo, pale walipobanana watu wengi hewa huwa na nafuu, na daraja la kwanza, lenye viti vichache na nafasi tele, ndilo hukauka zaidi. Nyota wa opera aliyelipiwa kiti cha bei kubwa ameketishwa penye hewa mbaya kwa koo lake kuliko mpiga ngoma wake aliyeko nyuma.

Ukavu hauko peke yake. Injini huvuma saa nzima, na mtu azungumzaye na jirani yake hupaza sauti bila kujua. Mwelekeo huo wa kupaza sauti penye kelele ulielezwa na daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, mwaka 1911, kabla safari za jeti hazijafikiriwa. Mazungumzo ya saa nane angani yaweza kumchosha mwimbaji kuliko onyesho zima. Ndege inaposhuka, masikio huziba, na mwimbaji asiyejisikia vizuri huongeza nguvu. Kwa miongo kadhaa kulikuwa pia na moshi wa sigara. Marekani ilianza kuupiga marufuku mwaka 1988 katika safari fupi za ndani, na ni mwaka 2000 tu marufuku hiyo ilipozihusu safari zote za kuingia na kutoka nchini humo.

Mfano unaokumbukwa sana ni wa Septemba 1983. San Francisco ilikuwa ikifungua msimu wake kwa opera ya Otello, na mwimbaji mkuu akashindwa kuimba. Plácido Domingo, aliyekuwa New York, aliitwa siku hiyo hiyo. Alivuka bara zima kwa ndege, watazamaji wakasubiri, na pazia likafunguliwa usiku sana. Alishangiliwa, na kwa haki. Lakini tukio kama hilo huwapa waandaaji wa maonyesho fundisho wasilostahili kupewa: kwamba kila koo laweza kufanya hivyo.

Madaktari walikuwa wameanza kulishughulikia suala hili kwa utaratibu. Taasisi ya Voice Foundation iliasisiwa New York mwaka 1969 na daktari wa koo Wilbur James Gould, na kuanzia miaka ya 1970 ikawakutanisha kila mwaka madaktari, wanasayansi na walimu wa uimbaji. Ushauri wanaopewa waimbaji wanaosafiri si wa ajabu: kunywa maji tangu kabla ya safari, kuacha pombe, kunyamaza, kupumulia kitambaa chenye unyevu, kuvuta mvuke baada ya kutua. Wanaonywa pia kuhusu dawa. Zile za mzio na za kuzibua pua hukausha ute, na aspirini hurahisisha kuvuja damu, jambo la hatari iwapo mshipa mdogo wa uzi wa sauti utapasuka. Tangu Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege, hata chupa ya maji ikawa tatizo katika ukaguzi wa viwanja vingi.

Watengenezaji wa ndege wamechangia kwa njia yao. Ndege nyingi za zamani ni za alumini, ambayo huliwa na unyevu. Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011 na kuingia Kenya Airways mwaka 2014, imeundwa kwa nyuzi za kaboni. Hewa yake yaweza kuachwa na unyevu zaidi, na shinikizo lake hulingana na kimo cha mita 1,800, takriban kile cha Nairobi.

Wapo waliozivunja kanuni zote. Bi Kidude wa Zanzibar, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, aliruka kwenda mabara ya mbali katika umri ambao wengine hawatoki barazani. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX huko Newcastle, naye alikuwa mvutaji sigara asiyejificha. Hakuna daktari wa koo atakayemtaja kuwa kielelezo.

Kwa waimbaji wa taarab na dansi wanaoalikwa Maskati, Dubai au London, hali ni ya kawaida zaidi. Mwenyeji hununua tiketi ya bei nafuu, yenye kubadili ndege usiku wa manane. Msanii hutua Ijumaa jioni, hupokelewa kwa shangwe, hupigiwa simu na jamaa wa pande zote, na kila mmoja wao anataka kuzungumza naye. Onyesho ni usiku huo huo, kwa sababu ukumbi umekodiwa kwa usiku mmoja, na siku ya pili ya hoteli haimo katika hesabu ya mtu yeyote.