WALIOSEMA "DAHARI NDIYO INAYOTUUA"



Ndugu yangu, ukimsikia kijana akisema ulimwengu umetokea tu, hauna lengo, tunaishi tunakufa basi, usidhani kauli hiyo imeletwa na simu. Waarabu wa Makka waliisema kabla ya Hijra. Suratul Jaathiya, aya ya 24, imetaja dai lao: hakuna uhai ila huu wa duniani, na hakuna kinachowaangamiza ila dahari, yaani kupita kwa zama. Ni dahari ile ile tunayoitaja kwa Kiswahili tukisema "milele na dahari". Wanazuoni wakawaita watu wa kauli hiyo Dahriyya.

Tazama walivyojibiwa. Mshirikina mmoja (wapo wafasiri wanaosema ni Ubayy bin Khalaf, wapo wanaosema ni Al-'As bin Wa'il) alimjia Mtume swalla Allahu alayhi wasallam na mfupa uliooza, akausaga kwa mkono wake, akauliza nani atauhuisha. Ilikuwa kejeli, si swali. Hata hivyo alipewa hoja: mwishoni mwa Suratu Yaasin akakumbushwa umbo lake la kwanza. Aliyeanzisha hashindwi kurudisha.

Sasa njoo kwa Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 450 Hijria (1058) na baadaye akasomesha Nidhamiyya ya Baghdad. Katika kitabu chake Al-Munqidh aliwagawa wanafalsafa mafungu matatu, la kwanza likiwa hao Dahriyya, na akawarudi. Watu wengi huishia hapo wanapomtaja. Lakini humo humo anasimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupatwa na shaka nzito, akakosa kuyaamini hata macho yake na akili yake. Ilidumu karibu miezi miwili. Anasema hakutoka kwa kupanga hoja, bali kwa nuru ambayo Allah aliitia kifuani mwake.

Na anaongeza jambo ambalo mzazi asilipite haraka: shaka hiyo ilikuwa hali yake ya ndani, hakuitamka kwa ulimi. Waliokaa naye wangejuaje?

Basi mwanao aliyeanza kuchelewa swala, anayejibu kwa mkato ukimtaja Allah, kabla hujamwita kafiri mbele ya wadogo zake, keti naye baada ya Isha. Muulize, kisha mwache amalize kusema.

Na wewe uliye katika hali hiyo, niandikie faragha. Sitakutaja kwa mtu.