Upigaji picha kwa fluoresensi katika tishu za saratani

Upigaji picha kwa fluoresensi ni mbinu ya maabara inayotumia rangi zinazong'aa kuonyesha protini zilipo ndani ya seli za saratani na zipi kati yake zimeungana. Ubora wa picha huanzia pale kinyama, yaani kipande cha tishu cha kuchunguzwa, kinapokatwa, kwa hiyo mbinu hii inazihusu pia hospitali zilizo mbali na maabara kubwa, kama za Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma.

Msingi

Kitu chenye fluoresensi hufyonza mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine, wenye wimbi refu zaidi. Jina hilo lilitolewa na George Gabriel Stokes mwaka 1852. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake nchini Marekani waliifunga rangi ya aina hiyo kwenye kingamwili. Kwa kuwa kingamwili hushika shabaha yake maalumu, mng'ao ukawa alama ya mahali shabaha ilipo.

Kupima ukaribu

Protini mbili kuwamo katika seli moja si ushahidi kwamba zinashirikiana; abiria wa basi moja si lazima wawe wanajuana. Hadubini ya kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, kwa hiyo hutumika njia za kupima ukaribu wenyewe.

Ya kwanza ni FRET, ambayo kanuni zake zilielezwa na Theodor Förster katika miaka ya 1940. Rangi iliyo kwenye protini moja huipa nishati rangi ya protini jirani, ikiwa umbali hauzidi nanomita 10 hivi. Umbali ukiongezeka mara 2, kasi ya kupeana nishati hushuka mara 64.

Ya pili, PLA, ilibuniwa na watafiti wa Uppsala, Sweden. Kingamwili mbili hufungwa vipande vifupi vya DNA, ambavyo vikikaribiana chini ya nanomita 40 huunganishwa na kunakiliwa mara nyingi. Kwenye slaidi viini vya seli huonekana vya bluu, na penye jozi ya protini huwaka nukta, mara nyingi nyekundu. Katika saratani ya matiti huhesabiwa hivyo jozi za protini HER2 na HER3, ambazo zikiungana huihimiza seli igawanyike. Hata hivyo nukta huthibitisha ukaribu tu, si mgusano. Slaidi ya kulinganishia, isiyotiwa kingamwili mojawapo, ni ya lazima.

Afrika Mashariki

Limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya na tumbo kwa watoto uliotangazwa mwaka 1958 na Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, ilitoa mchango mkubwa katika mbinu hii. Mwaka 1966 George Klein wa Stockholm na Peter Clifford wa Nairobi walionyesha kwa fluoresensi kwamba kingamwili za damu ya wagonjwa zilishika utando wa seli za uvimbe huo. Mkoa wa Kigoma, wenye malaria nyingi, umo katika ukanda wa ugonjwa huo. Seli za limfoma hiyo huzalisha kwa wingi protini MYC, ambayo huwasha jeni ikiwa imeungana na mwenzake, MAX.

Kutoka Kasulu hadi slaidi

Vinyama kutoka mkoa wa Kigoma huweza kusafirishwa mamia ya kilomita hadi Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam. Kinyama hutakiwa kutumbukizwa ndani ya saa 1 katika fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa angalau mara 10 ya kinyama chenyewe. Kwa saratani ya matiti, kikae humo saa 6 hadi 72, kisha kigandishwe katika nta na kukatwa vipande vya unene wa maikromita 3 hadi 5.

Kikichelewa, protini huharibika na jozi huachana. Kikikaa mno, fomalini hufunika mahali ambapo kingamwili ingeshika, na tishu hung'aa yenyewe hata bila rangi, kama zinavyofanya chembe nyekundu za damu. Kasoro hizo hazirekebishwi kikamilifu na hadubini yoyote. Saa ya kukata na saa ya kutumbukiza, zikiandikwa kwenye chupa pale Kasulu au Kibondo, ni sehemu ya kipimo.