KWA NINI LUGHA YA WELISI HAIKUFA

Katika Kiswahili tumezoea kumwita Mwingereza kila mtu atokaye katika kisiwa kikubwa cha Britania, wala hatuulizi kama kwao ni London au Edinburgh au Cardiff. Walakini ukimwita hivyo mtu wa Welisi, nchi iliyo upande wa magharibi wa kisiwa hicho, huenda akakusahihisha. Yeye ni Mwelisi. Nchi yake kwa lugha yake huitwa Cymru, na watu wake hujiita Cymry, maana yake watu wa nchi moja. Jina lile lingine, Welsh, walipewa na Waingereza wa kale, na maana yake ni wageni. Jambo hili ni la ajabu kidogo, kwa kuwa hao walioitwa wageni ndio waliotangulia. Kiwelisi kimetokana na lugha iliyosemwa Britania kabla ya Waingereza kuvuka bahari na kuja kukaa huko katika karne ya 5.

Lugha hiyo imekaa jirani na Kiingereza zaidi ya miaka 1,400, nayo ingali hai. Dada yake, Kikorni, iliyokuwa lugha ya Cornwall, haikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1777 alifariki mwanamke mmoja muuza samaki, Dolly Pentreath wa Mousehole, ambaye hukumbukwa kuwa miongoni mwa watu wa mwisho walioisema tangu utoto. Na baada ya zamani zake ikanyamaza, hata watu wa siku hizi walipoanza kujifunza upya kwa vitabu. Basi tuulize: kwa nini dada mmoja alikufa na mwingine akaishi? Sababu si moja. Cornwall ni nchi ndogo, na Welisi ina milima mingi iliyowafanya wageni wasiingie upesi. Lakini iko sababu nyingine, nayo yawahusu hasa walimu na mapadre.

Mwaka 1536 Mfalme Henry wa Nane aliiunganisha Welisi na Uingereza kwa sheria. Sheria hiyo iliamuru kesi zote ziamuliwe kwa Kiingereza, tena mtu asemaye Kiwelisi asipewe kazi ya serikali asipojua na kutumia Kiingereza. Wakati ule walio wengi katika Welisi hawakujua neno la Kiingereza. Tangu siku hiyo mkulima aliposhtakiwa alisimama barazani akasikia hukumu yake kwa lugha asiyoifahamu. Wakubwa wa nchi wakawapeleka wana wao kusoma Uingereza, na malenga, waliokuwa wakilishwa katika nyumba za wakubwa hao, wakaanza kukosa wa kuwasikiliza. Mtu mwenye akili angaliweza kusema ya kwamba lugha hiyo haina miaka mingi ya kuishi.

Mwaka 1549 likaja jambo jingine. Kitabu kipya cha Sala kiliamriwa kitumiwe makanisani mwote, nacho kilikuwa cha Kiingereza. Watu wa Cornwall na Devon wakaasi. Hasa walitaka ibada zao za zamani kwa Kilatini. Lakini watu wa Cornwall walitoa na hoja hii, kwamba wako miongoni mwao wasiojua Kiingereza kabisa. Jeshi la mfalme likawashinda, na watu kwa maelfu wakauawa. Kikorni hakikupewa Kitabu cha Sala wala Biblia, na watoto wakakua wakijua ya kuwa mambo ya Mungu, kama mambo ya mfalme, husemwa kwa Kiingereza.

Kwa Welisi mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1563, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge liliwaamuru maaskofu wanne wa Welisi pamoja na Askofu wa Hereford wahakikishe Biblia na Kitabu cha Sala vinafasiriwa kwa Kiwelisi. Nia ya serikali haikuwa kuihifadhi lugha. Ilitaka watu wawe Waprotestanti waaminifu, nao wasingekuwa hivyo kwa maneno wasiyoyafahamu. Hata sheria ile ile iliagiza Biblia ya Kiingereza iwekwe kando ya ile ya Kiwelisi kanisani, ili watu wakilinganisha hizo mbili wajifunze Kiingereza upesi. Walionuia lile hawakujua watakalolizaa.

Agano Jipya na Kitabu cha Sala vilitoka mwaka 1567. Aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ni William Salesbury, mtu wa elimu nyingi, akisaidiwa na Askofu Richard Davies na Thomas Huet. Lakini elimu yake ilimponza. Alipenda maneno yafanane na Kilatini, akayaandika hivyo, ijapokuwa hakuna aliyeyatamka hivyo. Tena Kiwelisi kina desturi ya kugeuza herufi ya kwanza ya neno: nchi ni Cymru, lakini mtu akienda huko husema Gymru, na akiwa ndani yake husema Nghymru. Sisi tusemao ulimi na ndimi, na mti mrefu na njia ndefu, hatulioni jambo hili kuwa geni. Salesbury hakuyaandika sawasawa mageuzi hayo. Ni kama mtu aandikaye njia nrefu, akitumaini msomaji atajua mwenyewe kutamka ndefu. Mapadre walikwama mbele ya watu, na watu hawakusikia sauti ya kwao.

Aliyeikamilisha kazi ni William Morgan, padre wa mtaa wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant, mtaa wa milimani ulio mbali na miji. Alikuwa amesoma Cambridge, akajua Kiebrania na Kigiriki. Huko mtaani aligombana na jirani zake hata wakamshtaki kwa wakubwa. Lakini katikati ya mashaka hayo alifasiri Agano la Kale na kulisahihisha lile Jipya la Salesbury. Askofu Mkuu John Whitgift akamsaidia, na wakati wa kupiga chapa alikaa London kwa Gabriel Goodman, mkuu wa kanisa la Westminster, aliyekuwa Mwelisi mwenzake. Kitabu kilitoka mwaka 1588, na makanisa yakaagizwa yawe nacho kabla ya Krismasi.

Morgan aliyaacha maneno yenye sura ya Kilatini, akafuata lugha safi ya malenga, akaiandika kama isemwavyo. Wakati ule watu wa kaskazini na watu wa kusini walisema namna mbalimbali, na baraza la wakubwa lililokuwa likiilinda lugha moja ya ushairi lilikuwa likivunjika. Biblia ikashika mahali pa baraza hilo. Kila Jumapili mtu wa kaskazini na mtu wa kusini walisikia maneno yale yale. Mwaka 1620 kitabu kilisahihishwa na Askofu Richard Parry pamoja na John Davies wa Mallwyd, na mwaka 1630 ikatoka Biblia ndogo ya kusomwa nyumbani.

Walakini kitabu bila msomaji ni karatasi tu. Hilo alilitambua Griffith Jones, padre wa Llanddowror. Tangu miaka ya 1730 alianzisha shule za kuhamahama. Mwalimu alikaa mahali pamoja kama miezi mitatu, hasa wakati wa baridi kazi za shamba zinapopungua, akawafundisha watoto mchana na wakubwa usiku kusoma kwa Kiwelisi, kisha akahamia kijiji kingine. Alipofariki Jones mwaka 1761, shule zilizokwisha kufunguliwa zilikuwa zaidi ya 3,000. Matunda yake yalionekana mwaka 1800, msichana mmoja, Mary Jones, alipokwenda kwa miguu kadiri ya maili 25 hata Bala kununua Biblia kwa padre Thomas Charles. Uhaba wa Biblia za Kiwelisi ndio uliomfanya Charles aende kuomba msaada London, na katika shauri hilo ikazaliwa mwaka 1804 ile Society ya Biblia, ambayo baadaye ilipiga chapa na Biblia yetu ya Kiswahili mwaka 1891.

Ili tusidanganyike kwamba kitabu peke yake chatosha, tukitazame Kisiwa cha Man. Lugha yake ilipata Kitabu cha Sala mwaka 1765, na Biblia katika miaka ya 1770. Lakini haikufundishwa sana shuleni, na wazazi waliiona haina faida sokoni. Ned Maddrell, wa mwisho kuisema tangu utoto, alifariki mwaka 1974.

Hata Welisi hatari hiyo ilifika, nayo ilipitia mlango wa shule. Mwaka 1847 wajumbe watatu wa serikali, wasiojua Kiwelisi, walitoa taarifa ya kuwa lugha hiyo yawazuia watu kuendelea, wakatia na masingizio juu ya tabia zao. Watu walikasirika sana. Lakini wazazi wengi walisadiki lile la kwanza. Katika shule kadha wa kadha mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni. Akimsikia mwenzake akisema vile vile, alimpokeza. Na yule aliyekuwa nacho jioni alipigwa. Haikuwa amri ya sheria. Ilikuwa desturi ya walimu, na wengi wao walikuwa Wawelisi.

Mwaka 1901 nusu ya watu wa Welisi walijua lugha yao. Katika hesabu ya mwaka 2021 waliojua walikuwa watu 538,000 hivi, yaani kadiri ya 18 katika kila 100. Lakini sheria za mwaka 1967 na 1993 ziliirudishia heshima mbele ya serikali, na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa lugha rasmi katika Welisi. Nazo zisingalikuwa na kitu cha kukiheshimu, kama Morgan asingaliandika na Jones asingalifundisha.

Kibao kile hakikukaa Welisi tu. Katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki watoto wamevikwa cha namna hiyo kwa kosa la kusema lugha ya mama zao, na aliyewavika mara nyingi alikuwa mtu wa kabila lao. Ni halali mwalimu kutaka mtoto ajue lugha ya mbali. Hata Morgan alijifunza Kiebrania. Lakini yeye alikwenda mbali ili arudi na kitu cha kuwasomea watu wa mtaa wake.