Vipepeo wa Gede na Miti ya Uani

Kusini ya Malindi, karibu na magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa yapata karne ya 17, umeenea msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao kwa miaka mingi wakulima waliopakana nao waliuona kuwa hasimu, kwa kuwa ndovu na nyani walitoka humo kuharibu mazao, na wengi walitamani ukatwe ipatikane ardhi ya kulima.

Rai hiyo ilianza kugeuka baada ya mwaka 1993, Ian Gordon alipoasisi Mradi wa Kipepeo. Taratibu yake ilikuwa hivi: mkulima humnasa kipepeo jike msituni, akamtia katika kizimba cha chandarua pamoja na mche apendao kuutagia, na viwavi wakisha kuanguliwa huwalisha majani hadi wageuke pupa, ambazo hupelekwa Gede kununuliwa, kisha zikasafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Na kwa kuwa kila jinsi ya kiwavi ina majani yake mahususi, ilhali kuyafuata msituni kila siku ni taabu, wafugaji walianza kuotesha nyumbani mimea ya asili iliyozoeleka kufyekwa, nayo ikichanua huwafaa hata nyuki na vipepeo wasio na mnunuzi.

Hivyo msitu ukapata watetezi miongoni mwa majirani zake, maana anayeutegemea kwa riziki na ada ya shule ya wanawe hahitaji askari wa kumkataza shoka.